Kidoko Kimoja

Kambini, ng'ambo ya reli, Ihumwa
10 Machi 2024

Kaka Obedi,

Kabla ya salamu nikuambie sauti niliyoisikia leo. Ni kidoko cha mama.

Tulikuwa darasani, hedifoni zimebana masikio, mkufunzi wetu Sajenti Masudi akabonyeza kitufe cha kusemea kisha akakiachia bila kusema neno. Tk. Basi. Nikainua kichwa kama mtoto aliyeshikwa na sukari mkononi. Nilijiona tena niko darasa la nne, nimekaa kwenye kigoda pale mlangoni, karatasi magotini, namwandikia mama barua ya kwenda kwa baba alipokuwa kibarua Morogoro. Mama anasema kwa Kigogo, naandika kwa Kiswahili, halafu ananiambia, "Haya, rudisha." Namsomea kwa Kigogo. Nikiwa sawa anasema "ehee." Nikiwa nimetia neno lisilo lake, ulimi unagonga kaakaa mara moja, na mimi natafuta mwenyewe nilipokosea.

Sasa shikamoo. Wifi Aneth hajambo? Zabibu zimenusurika na mvua? Mimi ni mzima, ila mabega yanauma. Redio tunayobeba mgongoni ina uzito wa kreti iliyojaa, na ukiiweka chini bila ruhusa unaizunguka kwa magoti.

Simu zetu tulizikabidhi siku ya kwanza. Zimebaki barua, nazo zinapita ofisini, zinafunguliwa na kusomwa kwanza, kwa hiyo usishangae zikichelewa. Ni kichekesho, nakubali. Niko hapahapa Ihumwa, bodaboda anafika kwetu kabla chai haijapoa, na mimi nakuandikia kama niliye Ulaya.

Jambo la kwanza tulilofundishwa si mitambo. Ni kurudisha. Mtu akikupa ujumbe, unamrudishia neno kwa neno, na mpaka yeye aseme ndiyo, ujumbe huo hujaupokea. Wenzangu waliona ni kazi ya kuchosha. Mimi nilikuwa nacheka moyoni: haya nimesomeshwa bure na mwanamke asiyejua kusoma.

Basi naomba ufanye hivyohivyo. Mama aseme, uandike, umrudishie, na akikupiga kidoko niandikie pale chini alichokikosoa. Nitakuwa namsikia humohumo.

La pili, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nimeondoka miguu ya mama imevimba, na daktari hakutaka kutuangalia usoni. Nyuma ya bahasha nimeandika namba ya afisa wa zamu. Mgonjwa akizidiwa, mtu anapewa ruhusa siku hiyohiyo. Ni kweli, anayekosa masomo kwa muda anaondolewa na kusubiri kundi lijalo, na nafasi hii niliisubiri miaka. Hilo niachie mimi. Niite, kaka. Asiniamulie mtu. Nirudishie neno hili ili nijue umelipokea.

Mdogo wako,
Anitha


Makutupora
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Anitha,

Marahaba, na salamu yetu ya Kigogo pia, mbukwa. Barua yako nimeikuta posta mjini nilipopeleka zabibu, imefunguliwa ikabandikwa gundi upya. Aneth anauliza kama huyo afisa anasoma na salamu pia, maana kama anasoma basi tumsalimie na yeye, asione tumemruka.

Hapa mvua imetupiga. Vichala vingi vimeoza juu ya mti kabla ya kuiva, na wanunuzi wanakuja wanashika pua kama vile sisi ndio tuliooza. Lakini mizabibu yenyewe imesimama. Tukipogoa vizuri, msimu wa Agosti utatulipa.

Mama amekaa hapa mlangoni, kanga mbili, ananitazama nikiandika. Alipokwambia ukajiandikishe mafunzo ya redio jeshini hakujua redio ni nini zaidi ya ile ya mahubiri, sasa anawaambia majirani, "Binti yangu anasikiliza watu wa mbali." Haya hapa ni maneno yake:

Nimepata barua. Naendelea vizuri. Miguu imepungua. Nakukumbuka sana. Kula, usiwape watu chakula chako kama ulivyozoea. Aliyekufundisha kurudisha maneno, mwambie nimemshukuru.

Nimemrudishia. Vidoko viwili.

Cha kwanza, kwenye "naendelea vizuri." Anasema: "Andika naendelea. Hilo vizuri ataliona mwenyewe akija."

Cha pili, kwenye "nakukumbuka sana." Anasema: "Toa sana." Nikamwambia, mama, hiyo sana imekukosea nini? Akasema, "Sana ni ya watu wanaouza kitu."

Nimeyaandika kama alivyosema, sijaongeza. Mengine tutazungumza.

Kaka yako,
Obedi


Ihumwa
21 Aprili 2024

Kaka Obedi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mpaka mikunjo imeanza kuchanika. "Sana ni ya watu wanaouza kitu" nilimsimulia Joha, msichana wa Tanga tunayelala kitanda cha juu na chini, naye akaisambaza bweni zima. Sasa mtu akisema amechoka sana, anaulizwa anauza nini.

Tumeanza mazoezi ya nje. Juzi nilipanda kilima kufunga antena, na hewa ilikuwa safi, nikaona upande wa kwetu, weupe wa mabati na nyuma yake kijani iliyolala chini. Sina hakika kama ni mizabibu. Nilijiambia ni mizabibu. Kazi yangu pale ilikuwa kuita kituo kisichojibu, kuita, kusubiri, kuita tena, na kuandika kila nilichosikia hata kama nilisikia mchakacho tu. Wengine wanachoka. Mimi sichoki, na hilo linaniogopesha kidogo.

Mwisho wa mafunzo tutagawanywa. Wengi watakwenda vikosini kutembea na redio nyuma ya kamanda. Wenye mikono mizuri wataingia karakana, kutengeneza. Wachache watapelekwa vituo vya mbali kusikiliza, kupokea watu wanaosikika kwa shida na kuwapitisha mbele. Sajenti Masudi alisimama nyuma yangu akasema, "Wewe una sikio. Hilo halifundishwi." Sikumwambia nilikolipata.

Tunafunga Septemba. Kila mmoja anapewa viti viwili. Kimoja chako, kimoja cha mama, na cha mama nataka kiwe mbele kabisa, asiwe na haja ya kunyanyuka.

Sasa sikiliza. Nilikupa ujumbe kuhusu kuitwa. Umenijibu habari za zabibu, za afisa, za kanga mbili. Ujumbe huo hukuurudisha. "Mengine tutazungumza" si kurudisha. Naurudia: mama akizidiwa, niite. Niandikie, "Akizidiwa, nikuite." Hayo tu.

Na umsomee mama barua hii yote, usirukeruke.

Anitha


Makutupora
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Anitha,

Natumaini u mzima wa afya. Sisi huku ni wazima. Samahani kwa kuchelewa, barabara iliharibika, kisha kukawa na kazi nyingi za hapa na pale.

Hali ya hewa imebadilika, baridi imeingia na upepo unavuma mchana kutwa. Mashamba yako sawa. Mbuzi wawili wamezaa. Aneth amepata ujauzito, Mungu akipenda mwisho wa mwaka utaitwa shangazi. Baba Mdogo Lameck alikuja kututembelea kutoka Kikuyu, kule mjini, na Mama Mkubwa Erica naye alikuwa hapa siku kadhaa. Wote wanakusalimu.

Mama anakusalimu pia. Anasema soma kwa bidii.

Usiwe na wasiwasi wa jambo lolote la nyumbani. Mambo yote yako sawa. Zingatia masomo.

Kaka yako akupendaye,
Obedi


Ihumwa
23 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Hongera wewe na wifi. Nimeifurahia habari hiyo nikaiweka pembeni, nitaifurahia tena nikiwa na nafasi.

Barua yako haina kidoko hata kimoja.

Nimeisoma nikitafuta. "Mambo yote yako sawa." Mama angekuacha uandike hivyo? "Soma kwa bidii" ni maneno ya ukutani shuleni, hayajawahi kutoka kinywani mwake. Na Baba Mdogo Lameck ametembea kutoka Kikuyu mpaka Makutupora kutazama mbuzi waliozaa? Yule ambaye hata Krismasi tunamtumia nauli?

Nikuambie kitu tunachojifunza sasa. Kuna kimya cha namna mbili. Kituo kikizimwa, unasikia mchakacho ule wa siku zote. Lakini mtu akibonyeza kitufe na asiseme, mchakacho unakatika, panakuwa na utupu wenye mtu ndani yake. Unamsikia kwamba yupo na ameshika neno. Sajenti anatuambia tukisikia hivyo tuseme, "Uliyebonyeza, tuma ujumbe wako. Ova."

Uliyebonyeza, tuma.

Pengine najitisha. Joha anasema mtu akikaa na hedifoni siku nzima anaanza kusikia vitu. Basi nitulize kwa jambo dogo. Kaa na mama, msomee, akukosoe. Niandikie alichokosoa. Kidoko kimoja kinatosha.

Anitha


Makutupora
14 Julai 2024

Mpendwa Anitha,

Salamu nyingi. Nimekaa na mama nikamsomea barua yako yote kama ulivyotaka. Amefurahi. Kisha nikaandika maneno yake na kumrudishia, na amenipiga kidoko, kwa hiyo ondoa wasiwasi.

Niliandika kwamba amekonda kidogo. Akapiga kidoko. Anasema: "Sijakonda, nimenenepa, niko vizuri sana, namshukuru Mungu sana, mwambie mwanangu asiwe na shaka kabisa."

Basi ndivyo alivyosema. Tumeanza kufukuza ndege shambani, vichala vinajaa vizuri. Aneth anakusalimu.

Obedi


Ihumwa
28 Julai 2024

Obedi,

Amekufa lini?

Miaka yote ile kidoko cha mama kilikuwa cha kupunguza. Hakikuwahi kuongeza. Alikitoa akaondoa "vizuri," alikitoa akaondoa "sana," aliwahi kuondoa jina la Mungu kwenye barua ya baba kwa sababu mimi ndiye niliyelitia. Wewe umemfanya apige kidoko ili aseme sana mara mbili na kabisa mara moja. Hukuweza hata kumwigiza. Nafikiri uliandika huku unalia, maana "nimenenepa" umeiandika mara ya kwanza ukaikata, na mama hajawahi kunenepa.

Sijaenda kwa afisa wa zamu. Nimesimama mlangoni kwake nikageuka. Nikienda atanipa ruhusa, na nikifika hapo nitakuta nini? Udongo ulioshuka, na watu waliokwisha kumaliza kulia.

Jana nilikuwa kwenye mtambo. Mtihani wa kupokea. Nilipata yote. Nimekuandikia hilo si kwa kujisifu. Nataka ujue kwamba mikono yangu iliandika maneno ya watu wengine bila kosa, na mimi mwenyewe sikuwepo.

Niambie lini, wapi, alisema nini. Usinipe habari ya hali ya hewa.

Anitha


Makutupora
11 Agosti 2024

Anitha,

Tarehe kumi na tano Mei, Jumatano, alfajiri. Wodini, hospitali ya mjini. Tumemzika hapa nyumbani, ubavuni mwa baba.

Nitakueleza kama nilivyopaswa kukueleza.

Barua yako ya pili ilipokuja mama alikuwa halali chini tena, analala ameegemea ukuta ili apate pumzi. Nilimsomea yote, na la viti nilimsomea. Nilipofika pale uliposema nikuite, akaniambia, "Usimwite." Nikasema, mama, ameandika mara mbili. Akasema, "Akiitwa atakuja, akija hatarudi, namjua." Nikamwambia, "Mama, atanichukia." Akasema, "Atakuchukia akiwa na kazi."

Nikamrudishia, kama desturi. "Umesema nisimwite Anitha." Akasema, "Ehee."

Hapo nilikuwa na amri yake, Anitha. Ningeibeba mpaka leo bila tatizo, na wewe ungenichukia na mimi ningelala.

Lakini siku tuliyompeleka mjini, mchana, Aneth alitoka kutafuta uji, tukabaki wawili. Mama alikuwa amefumba macho. Sijui kilichonituma. Nilitaka tu asikie kwamba nimeshika neno lake. Nikainama nikamwambia, "Mama, umesema nisimwite Anitha."

Akapiga kidoko.

Kimoja. Nikasema, "Mama, nimekosea? Nimwite?" Hakujibu. Nikauliza tena. Macho hayakufunguka. Nesi akapita, nikamwambia mgonjwa anataka kusema kitu, akamtazama, akasema, "Mdomo umemkauka huyo, mlowanishe na pamba." Nikamlowanisha. Nikajiambia, basi, ni ulimi ulikuwa mkavu.

Simu nilikuwa nayo mkononi, namba ya afisa nilikwisha kuitoa kwenye bahasha siku nyingi. Jua lilikuwa bado juu. Ungefika. Nilifikiri hivi: nikimwita, halafu mama akapata nafuu na kuniona nimevunja neno lake kwa sababu ya ulimi mkavu, nitamwambia nini? Nikakaa. Jua likazama nimekaa. Hakusema tena chochote.

Sijamwambia mtu habari ya kidoko hicho, hata Aneth. Barua zile mbili za uongo niliziandika kwa ajili ya kidoko hicho. Niliona kama nikikuandikia mama yupo, basi bado sijaamua.

Msibani walikuulizia. Nikasema hupatikani. Baba Mdogo Lameck akasimama mbele ya watu, "Mtu wa mawasiliano, hapatikani?" Watu wakacheka, msibani, wakaziba midomo. Akauliza uko wapi. Nikasema Ihumwa. Akasema, "Ihumwa! Mbuzi akipotelea Ihumwa tunampata kabla ya jioni!" Tangu hapo wanasema nilikuficha makusudi ili nibaki na shamba la mama peke yangu. Mama Mkubwa Erica hajala kwangu tena. Akija anasimama uani. Zabibu zikishavunwa watakaa kikao, na ninavyosikia wanataka kuninyang'anya mizabibu aipokee Baba Mdogo mpaka wewe utakaporudi. Aneth ana mimba, na shamba hilo ndilo tunalokula.

Sikuandikii hili unionee huruma. Umesema nikueleze yote.

Sijui alitaka nini, Anitha. Wewe una sikio. Kama ungekuwepo ungejua.

Obedi


Ihumwa
16 Septemba 2024

Kaka Obedi,

Shikamoo. Mwambie wifi asinyanyue makreti sasa, vijana wapo.

Barua yako imekaa nami zaidi ya mwezi. Mara kwa mara nilikuwa naanza kukujibu na nakuta sijibu, nasikiliza. Najaribu kukisikia kidoko hicho. Nakiweka cha kukosoa, kinakuwa cha kukosoa. Nakiweka cha ulimi mkavu, kinakuwa cha ulimi mkavu. Nimepokea vituo vilivyokuwa vinazama kwenye kelele, watu ambao Joha aliapa hawapo, nikaandika ujumbe wao mpaka nukta. Hiki siwezi. Umeniandikia kwamba ningekuwepo ningejua. Huenda. Hilo ndilo nisiloweza kukusamehe, na sijakusamehe. Soma barua hii mpaka mwisho ukikumbuka kwamba sijakusamehe.

Lakini nimekuona pia umekaa pale na simu mkononi, na jua linashuka. Kila siku nakuona. Sijui kama mimi ningepiga.

Tulifunga mafunzo Ijumaa. Kulikuwa na paredi, bendi, vumbi la kutosha. Kadi za viti vile viwili sikuzituma. Kiti cha mbele nilimpa mama yake Joha, mama mmoja mnene mwenye vigelegele vikali, alinishika mashavu yote mawili akaniita mwanangu, na nikamwachia. Nimepangiwa kituo cha kusikiliza, mbali, upande wa mpakani. Sajenti Masudi alinipa mkono akasema alijua. Tunaondoka leo, gari liko getini linapakiwa, ndiyo maana mwandiko wangu umelala upande.

Jana tulipewa ruhusa ya mchana. Nilijua ungesubiri nije Makutupora. Sikuja. Ningekwenda kaburini ningesema nini kwa mtu asiyependa maneno yaliyozidi?

Nilikwenda Kikuyu, kwa Baba Mdogo Lameck. Walikuwepo wazee wanne na Mama Mkubwa Erica. Kikao chenu walikuwa wanakifanya kidogo kidogo tayari, bila wewe, huku wanakunywa chai. Waliponiona na sare wakasimama, kisha wakakumbuka wamekasirika kwa niaba yangu, wakakaa. Baba Mdogo akasema, "Njoo mwanangu, njoo uone wanavyofanywa watoto wa kike na ndugu zao." Nikasalimu wote mmoja mmoja. Sikukaa.

Nikasema, "Obedi aliniita."

Mama Mkubwa Erica akaweka kikombe chini.

Nikasema ulipiga simu ofisini siku mama alipolazwa. Nikasema nililetewa ujumbe darasani, nikaambiwa ruhusa ipo, gari lipo, na nikakataa kwa sababu ya mtihani. Nikasema msibani uliwaficha wao ili unisitiri, mimi sikufichwa kitu.

Baba Mdogo akaniuliza, "Uliitwa?"

"Niliitwa."

"Mama yako anakufa?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Ukabaki huko. Kwa ajili ya redio."

"Kwa ajili ya redio."

Mzee mmoja akatoka nje. Baba Mdogo akasema shamba libaki kwa Obedi, na mimi nisitegemee kuitwa tena kwenye jambo la ukoo, la furaha wala la msiba. Nikamrudishia neno kwa neno, ili ajue nimelipokea. Akasema ndiyo.

Kwa hiyo limekwisha, kaka. Usiende kuwaambia vinginevyo. Ukienda watasema mimi na wewe tumekula njama, na mtapoteza mizabibu, na mimi nitakuwa nimesema bure. Vuneni. Mtoto akizaliwa mwambie ana shangazi mbali, usimwongezee.

Nilipokuwa nageuka kutoka, Mama Mkubwa Erica alipiga kidoko. Kimoja, kilekile cha mama, wamelelewa nyumba moja. Nikasimama na mkono wangu kwenye mlango nikisubiri aniambie ni neno gani nililolizidisha. Alikuwa ananitazama machoni. Hakusema. Nikafungua mlango, nikaondoka.

Anitha